Siku Fintan Alipopanda Baiskeli

Mlango wa mbele wa Hoteli ya Kilsheeran una kizingiti cha shaba, na hapo ndipo miguu ya Fintan Heneghan ilipogoma. Kiwiliwili kiliendelea kwenda, miguu ikabaki nyuma, na kama mkewe Attracta asingemdaka kwapani angeanguka kifudifudi mbele ya meza ya mapokezi. Nyuma yao walisimama wageni wawili wenye mabegi, wakitabasamu kama watu wanaojifanya hawana haraka.

"Twende, mzee," Attracta alimnong'oneza.

"Si nakwenda? Huoni ninavyokimbia?"

Attracta akaupitisha mguu wake mbele ya kiatu cha mumewe, kama mtu anayetaka kumtega mwenzake. Fintan akautazama, akaunyanyua wa kwake, akauruka, na hapohapo akawa anatembea. Hila hiyo walifundishwa na daktari wa mji wa Castlebar. Ugonjwa wa Pakinsoni, alisema, humsahaulisha mtu namna ya kuanza. Mpe kitu cha kuruka, ataanza.

Mlango huohuo waliwahi kuuingia siku ya harusi yao, Attracta akiwa na gauni aliloshonewa na dada yake, Fintan akiwa na viatu vipya vilivyomchuna visigino akacheza dansi hivyohivyo mpaka bendi ikafunga ala zake. Baadaye hoteli ilifungwa. Maji yaliingia paani, kunguru wakajenga viota kwenye ukumbi wa dansi, na watu wa pwani ile wakazoea kuipita bila kugeuza shingo. Ilikuwa imejengwa na kampuni ya reli enzi za babu zao, kwa ajili ya mabwana wa Dublin waliokuja kuogelea baharini. Treni ilipokufa, hoteli nayo ikaanza kuugua. Ni majuzi tu, halmashauri ilipoigeuza njia ya reli kuwa njia ya waendao kwa miguu na wapanda baiskeli, ndipo watu waliporudi, na hoteli ikapakwa rangi na kuwashwa taa upya.

Safari hii ilipangwa na binti yao Sorcha, aliyeolewa Melbourne. Aliwaambia wote wawili kwenye simu kwamba ni zawadi, wakapumzike. Fintan alipopelekwa kulala, Sorcha akapiga tena.

"Mama, mwambie hukohuko. Ukimwambia nyumbani, kila akikaa kwenye kiti chake atakumbuka aliambiwa akiwa amekikalia."

Jambo lenyewe lilikuwa hili: chumba kilikuwa kimepatikana kwenye makao ya wazee mjini, na Fintan angehamia Septemba. Masika yale alikuwa ameanguka bafuni, Attracta akamwinua peke yake, na kitu kikakatika chini ya mgongo wake. Tangu hapo Attracta alikuwa akitoka kitandani kwa kujiviringisha kama pipa, akiuma shuka asije akamwamsha. Muuguzi aliyewatembelea alimwambia waziwazi kwamba siku nyingine wangewakuta wote wawili sakafuni.

Jioni ile ya kwanza waliletewa supu ya samaki na mkate wa ngano nzima. Fintan aliomba akae mgongo ukielekea watu, ili wasione kijiko kinavyopiga kelele kwenye bakuli. Ng'ambo ya ghuba, mlima wa Mtakatifu Patriki ulikuwa umejifunika wingu kichwani. Attracta alianza sentensi moja, akaiacha. Akaanza nyingine.

"Unatafuta nini humo?" Fintan akamuuliza. Sauti yake siku hizi ilikuwa ndogo, ilibidi mtu amwinamie. "Umemchokonoa huyo samaki mpaka anataka kuogelea."

"Sina njaa sana."

"Una jambo."

"Sina jambo. Kula."

"Haya," alisema Fintan, akala.

Asubuhi jua lilitoka, kitu ambacho pwani ile haimwahidi mtu. Fintan akataka waende kuangalia baiskeli. Stesheni ya zamani iko chini ya hoteli tu, na katika banda lililokuwa la mizigo mtu mmoja aitwaye Enda Gaughan hukodisha baiskeli kwa wageni. Enda alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, aliyewahi kucheza beki timu ya kaunti mpaka goti lilipomkatalia. Alimjua Fintan tangu utotoni. Nani asingemjua? Fintan alikuwa mpeleka barua wa upande ule miaka nenda miaka rudi, kwanza kwa baiskeli nyeusi ya posta yenye kikapu mbele, baadaye kwa gari dogo ambalo hakulipenda kamwe.

"Bwana Heneghan," alisema Enda, "umeniletea barua ya kodi tena?"

"Nimekuja kuona kama unazitunza hizi au unazilaza nje kama kondoo."

Attracta akamketisha mumewe kwenye benchi, juani, mgongo ukutani. Kisha akakumbuka kwamba saa ya vidonge ilikuwa imefika na vidonge viko chumbani. Akamwambia Enda amtupie jicho, akapanda ngazi taratibu, mkono kiunoni. Kule juu alikawia. Baada ya kuvichukua vidonge alikaa pembeni ya kitanda akijaribu maneno. Fintan, kuna jambo. Fintan, sikiliza. Fintan, mimi siwezi tena. Yote yalisikika mabaya kwenye chumba kile kizuri.

Aliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Enda alisimama mlangoni mwa banda akiitazama njia, na uso wake haukumpendeza Attracta.

"Yuko wapi?"

"Mama, usinikasirikie."

"Enda, mume wangu yuko wapi?"

"Aliniomba nimkalishe tu. Alisema anataka kukikalia kiti cha baiskeli, basi. Nikamwegemeza, nikashika kiti kwa nyuma. Akaweka miguu kwenye pedali. Akasema, sukuma kidogo nione. Nikasukuma kidogo." Enda akapangusa paji la uso. "Akaenda."

"Akaenda?"

"Kama risasi."

"Mtu hawezi kuvuka kizingiti cha mlango," alisema Attracta taratibu, "na wewe umempa baiskeli."

Enda alitaka kumfuata mwenyewe, lakini goti lake lilikuwa limefungwa bandeji tangu wiki iliyopita. Attracta hakungoja. Alivuta baiskeli ya kwanza iliyokuwa karibu, ya kike, yenye usukani mpana, akaipanda na sketi yake na mgongo wake. Hakuwa amepanda baiskeli tangu Sorcha aanze shule. Iliyumba, ikagusa ukuta, kisha ikanyooka.

Njia hiyo ni tambarare, maana treni haipendi milima. Kushoto kulikuwa na kuta za mawe na kondoo waliopigwa alama za rangi ya buluu mgongoni; kulia, chini, maji ya ghuba. Attracta hakuona hata kimoja. Machoni pake alimwona Fintan mtaroni. Alimwona Fintan chini ya daraja, miwani imevunjika. Alisali Salamu Maria kwa kila mzunguko wa pedali, na kila alipofika katikati ya sala alipoteza maneno.

Akakutana na mtu na mkewe wakitembea na fimbo zao.

"Mmemwona mzee? Ana koti la kijani."

"Huyo? Ametupita akipiga kengele," alisema mwanamume. "Ametuambia tukae kushoto kama Wakristo wenye adabu."

"Alikuwa anatetemeka?"

Wakatazamana. "Hapana," alisema mwanamke. "Alikuwa anaimba."

Attracta akaendelea. Mbele njia inapinda kuifuata ghuba, ikapita kwenye tuta refu, na mtu akiwa upande huu wa kona huwaona walio upande wa pili kama wako kwenye jukwaa. Hapo ndipo alipomwona. Koti la kijani, mgongo umenyooka, viwiko vimelegea. Miguu ilizunguka bila pupa, sawasawa, kama ilivyokuwa ikizunguka zamani Attracta alipokuwa bado msichana dukani kwa mjomba wake, akijisingizia kufagia kibarazani ili amwone mpeleka barua akipita. Alimwona akiuachia usukani mkono mmoja na kumpungia mwanamke aliyekuwa akianika nguo kwenye nyumba ya kando ya njia. Mkono ule, asubuhi ileile, ulikuwa umeshindwa kufunga kifungo cha shati.

Attracta alifungua mdomo amwite, akaufunga. Akafunga breki, akaweka mguu mmoja chini. Alisimama pale akamtazama mpaka machozi yakamzuia kuona, akayafuta kwa mkono wa sweta, akatazama tena. Asingeweza kusema alikuwa na furaha. Ilikuwa kama kumwona mtu ambaye ulishaanza kumlilia akitembea sokoni.

Mbele, njia inakatizwa na geti la ng'ombe. Fintan alipolikaribia, hakusimama. Alizunguka mahali palipo pana, karibu agonge nguzo, akarudi. Sasa alikuwa anakuja kwake. Alipokaribia Attracta aliuona uso wake, nao haukuwa uso wa mtu anayecheza.

"Usisimame mbele yangu!" Fintan alipaza sauti, na ilikuwa sauti yake ya zamani, yenye kifua. "Attracta, pisha!"

Akampita. Attracta akaigeuza baiskeli yake kwa tabu, akakanyaga mpaka mgongo ukawaka moto, akamfikia. Wakawa sambamba.

"Umerukwa na akili?"

"Siwezi kushuka," alisema Fintan.

"Nini?"

"Siwezi kushuka, mwanamke. Nikiweka mguu chini utaganda, na mimi na chuma hiki tutalala njiani. Nimekuwa nikienda getini na kurudi kama mbwa wa mchungaji. Nikiliona paa la hoteli kwa mbali namkumbuka yule Enda alivyopanua macho, naogopa, nageuka."

Attracta akacheka. Hakutaka kucheka, kicheko kikamtoka tu, kisha kikageuka kuwa kitu kingine na ikambidi aume midomo.

"Mapaja yanaanza kuchoka," alisema Fintan. "Lakini bado yapo. Sasa niambie."

"Nikuambie nini?"

"Ulilokuwa unalitafuta kwenye samaki jana."

Matairi yalisaga changarawe. Ndege wa baharini alipita juu yao. Attracta aliitazama njia, kwa sababu asingeweza kumtazama yeye, na baiskeli ilimpa ruhusa ya kutomtazama.

"Kuna chumba," alisema. "Kwenye makao ya mjini. Septemba."

Wakaupita mti mmoja ulioinamia njia, ndipo Fintan akauliza.

"Kina dirisha?"

"Kina."

"Linatazama wapi?"

"Maegesho ya magari."

"Basi nitajua nani amekuja na nani amenisahau." Akakanyaga, akakanyaga. "Nilikuwa nikikusikia asubuhi. Unavyojiviringisha. Unavyouma shuka. Nilikuwa nimelala pale macho yamefumbwa, nakusikia."

"Fintan."

"Nilingoja useme wewe. Ningesema mimi ingekuwa kama ng'ombe kujipeleka mnadani mwenyewe. Nilijaribu, Attracta. Nilishindwa." Akakanyaga kwa nguvu zaidi. "Na nimekasirika. Usije ukadhani sikukasirika."

"Kasirika."

"Nimekasirika sana, na sina hata pa kupigia mguu chini."

"Nami nimekasirika," alisema Attracta. "Sijui hata namkasirikia nani. Nilitaka tuzeeke nyumbani kwetu. Nilitaka kitu hicho tu, sikuomba kingine."

"Najua."

"Usiniambie unajua. Niambie nisikupeleke."

Fintan aligeuza kichwa akamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu aliye kwenye baiskeli. Uso wake, ambao kwa miaka ya karibuni ulikuwa umekakamaa kama kinyago, ulikuwa unasogea. Attracta aliona mikunjo yote ya zamani pembeni mwa macho.

"Siwezi kukuambia hivyo," alisema. "Ningetaka. Lakini ukianguka wewe, nani atakuinua? Mimi?"

Paa la hoteli lilianza kuonekana juu ya miti.

"Mapaja yamekwisha," alisema Fintan.

"Nitatangulia nishuke, nikushike."

"Kwa mgongo gani?"

"Nitakushika, nimesema."

"Si wewe," alisema Fintan, na hapakuwa na mzaha sasa. "Mwambie Enda. Yeye ana mabega. Nenda."

Attracta alikanyaga akatangulia. Yale maneno, si wewe, yalimchoma, na palepale yakamtua mzigo ambao hakuwa amethubutu kuutua mwenyewe. Alifika stesheni akimwita Enda kwa jina na kwa ishara. Enda akaelewa. Akavua kofia akaitupa kando, akasimama katikati ya njia, miguu imetanuka na mikono mbele, kama alivyokuwa akisimama zamani kuwangoja washambuliaji wa kaunti ya Galway.

"Punguza, Bwana Heneghan! Polepole. Njoo kwangu."

Fintan alikuja akifunga breki kidogokidogo. Baiskeli ilianza kuyumba. Enda akapiga hatua moja, akamkumbatia mzima, kifua kwa kifua, na baiskeli ikaanguka chini yao kwa kishindo. Fintan alibaki amening'inia mikononi mwake. Kisha Enda akamteremsha taratibu mpaka viatu vikagusa ardhi.

Na vilipogusa, vikaganda. Attracta aliona yote yakirudi: mabega yakakunjamana, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, uso ukajifunga. Fintan alisema kitu, na sauti ilikuwa ndogo tena, ikambidi Enda amwinamie.

"Anasemaje?" Attracta aliuliza.

"Anasema breki ya nyuma imelegea, niikaze," alisema Enda. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliinama kuiokota baiskeli, akakaa chini kwa muda mrefu akiitazama ile breki.

Walimaliza siku zao za mapumziko pale. Hawakulizungumzia sana jambo lile. Walikaa kwenye chumba cha mbele penye moto wa mboji iliyochimbwa kinamasini na kukaushwa, Fintan akisinzia, Attracta akisoma gazeti bila kuligeuza. Mara moja tu, wakinywa chai, Fintan alimwomba amwahidi kwamba hatamletea pajama za mistari kule makaoni, kwa sababu wafungwa ndio huvaa mistari. Akamwahidi.

Septemba alimpeleka. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama wa Kihindi kutoka Kerala aitwaye Jincy, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu. Alimuuliza Fintan angependa kuitwa nani.

"Fintan. Bwana Heneghan ni baba yangu, na alikuwa mkali."

Attracta alipanga nguo kabatini, akazipanga tena, akanyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Mwishowe Fintan akamwambia aende kabla mvua haijaongezeka. Usiku ule Attracta alilala mpaka asubuhi, bila kuamka hata mara moja, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Alipofumbua macho na kuona jua limeshapanda, aliona haya, kama mtu aliyekutwa akila peke yake. Alikaa kitandani akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwamsha.

Alikuwa akienda kumwona karibu kila siku. Jumapili za kiangazi Enda alikuja makaoni na gari lake la mizigo, amepakia baiskeli ya magurudumu matatu yenye viti viwili vya pamoja, ambayo haiwezi kuanguka hata mtu akitaka ianguke. Aliwapeleka kwenye njia, akawaacha, akarudi jioni kuwachukua. Siku nyingine Fintan alikanyaga vizuri na kuwasalimia watu. Siku nyingine alikaa tu, Attracta akakanyaga kwa wawili, mgongo ukimuuma, na akasimulia mashamba waliyoyapita yalikuwa ya nani na nani ameyauza. Kiangazi cha pili Fintan hakuweza tena kukaa wima. Baiskeli ikabaki bandani kwa Enda, naye hakumwazima mtu mwingine.

Fintan alikufa Februari, alasiri, Jincy akiwa upande mmoja wa kitanda na Attracta upande wa pili. Alikuwa ameomba maji, akayanywa kidogo, akasema yamepoa vizuri.

Kwenye maziko kanisa lilijaa hadi nje. Watu waliokuwa wakimngoja getini zamani, wakingoja habari za wana wao kutoka Boston na London, walikuja na wana wenyewe, nao sasa wana mvi. Enda, wapeleka barua wanne waliofanya kazi na marehemu, na mpwa wake, walilibeba jeneza mabegani, Enda mbele, akichechemea kwa lile goti. Sorcha alikuwa ametua Dublin usiku, akaendesha gari kuivuka nchi nzima. Alimpa mama yake mkono, Attracta akaushika, wakashuka nyuma ya jeneza, hatua kwa hatua, mpaka kwenye makaburi yanayotazama ghuba, na padri akawangoja wafike ndipo akaanza.